Fundi Randa na Ngoma za Kwenye Kompyuta

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti. Karakana nzima ya mbao, na baadaye mtaa mzima, ilimwita Randa, kwa kuwa alisimama mbele ya mashine ya kuranda kwa miaka thelathini na mmoja, mbao zikiingia upande huu na magamba yake na kutokea upande wa pili laini kama shavu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mzaha wa polepole ambao ulikufikia ukiwa umeshafika nyumbani.

Aliyewahi kupita karibu na karakana ya mbao anaijua kelele ya mashine ile. Ndani, mtu hazungumzi na mwenzake, humsoma midomo. Msimamizi aliwahi kugawa vifuniko vya masikio, kila fundi jozi yake. Randa alivitundika vyake msumarini, na hapo vikakaa mpaka vikajaa vumbi. Haukuwa ukaidi.

"Mashine inasema," alimwambia msimamizi. "Kisu kikianza kuwa butu, sauti inakonda. Nikijiziba nitajuaje?"

Msimamizi akamwacha, maana mbao za Randa hazikuwahi kurudishwa na mteja.

Jumamosi mchana, mashine zikizimwa, wafanyakazi wanne walibaki kwenye banda la kukaushia mbao na kupiga muziki. Randa alishika gitaa. Mtunza stoo, mtu mnene asiyependa kusogezwa, alipiga gitaa la besi, nao wakamwita Nanga. Karani wa mishahara aliimba. Na kwenye dramu alikaa mpakiaji mmoja wa mbao aliyeitwa Kishindo, ambaye peke yake angeweza kubeba boriti linalobebwa na wawili, lakini akishika vijiti mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayemfuta mtoto vumbi usoni. Wengine walimsifu kwa ile ngoma kubwa ya mguu. Randa alimsifu kwa matoazi. "Huyu hapigi," alikuwa akisema. "Huyu ananong'ona."

Walipiga kwenye harusi za wenzao na kwenye kuwaaga wastaafu. Walitunga nyimbo kumi na moja, nyingi za kuchekesha: kuhusu lori lililokataa kupanda mlima, kuhusu msimamizi aliyehesabu misumari, kuhusu mchumba aliyeomba kabati badala ya mahari. Hawakurekodi hata mmoja. Walikuwa na muda, au ndivyo walivyodhani. Kisha Kishindo akaugua figo na kufariki. Dramu yake ikakaa bandani hadi mvua ya mwaka uliofuata ikaiozesha. Karani akahamia kwa binti yake, mbali, na huko akili ikaanza kumpotea. Akiimbiwa wimbo alioutunga mwenyewe anapiga makofi na kuuliza ni wa nani. Nyimbo zikabaki kichwani mwa Randa, na nusunusu kichwani mwa Nanga, ambaye alikumbuka besi zake tu, maneno hapana.

Randa alipostaafu, alikaa nyumbani miezi mitatu akipigapiga meza kwa vidole. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule sebuleni hapohapo, na meza ile ndiyo aliyokatia vitambaa.

"Baba watoto," alimwambia siku moja, mkasi ukiwa hewani, "nyimbo zako zirekodi, zitoke. La sivyo mimi nitakukata vidole."

Alilisema kwa mzaha, lakini Randa akalibeba. Gitaa alikuwa nalo. Sauti yake haikuwa ya karani, ila ilitosha. Kilichokosekana kilikuwa dramu. Walikaa ghorofa ya tatu, na chini yao aliishi nesi aliyefanya kazi zamu ya usiku na kulala mchana kutwa. Kuleta dramu ya kweli pale kungekuwa kutangaza vita.

Mwenye jibu alikuwa mkamwana wake, mke wa mtoto wao wa kiume. Mume wake aliendesha malori ya safari ndefu, akionekana nyumbani kwa nadra kama mgeni; yeye alifundisha kompyuta kwenye chuo cha makatibu, na Jumamosi asubuhi alikuja na bintiye mdogo kuwasalimia wazee.

"Siku hizi dramu zipo ndani ya kompyuta, baba," alisema. "Unaweka programu, inakuwa na dramu nzima. Unavaa hedifoni, hakuna jirani anayesikia."

"Na mpigaji naye yumo humohumo?"

"Mpigaji ni wewe."

Randa alicheka mpaka mkewe akasimamisha cherehani kumtazama. Jumamosi iliyofuata mkamwana alileta kompyuta mpakato iliyokuwa itupwe chuoni kwao, kongwe lakini nzima, na wakaanza kutafuta programu inayomfaa mtu asiyejua kitu. Ndivyo alivyojieleza mwenyewe: "Nitafutie ya darasa la kwanza. Nisikute maneno mengi. Nikute ngoma."

Ya kwanza ilikuwa ya bure. Ilipofunguka, kioo kizima kilijaa picha ya dramu: ngoma ya mguu katikati, ngoma ndogo ya vikamba pembeni, na juu matoazi ya dhahabu kwenye nguzo zake. Ukibofya ngoma kwa kipanya, inalia. Randa alivuta kiti mbele. Ilifanana na ya Kishindo kama pacha. Akabofya ngoma kubwa, ikampiga masikioni vizuri. Akabofya ya vikamba, akatikisa kichwa kuafiki. Akabofya toazi, akasubiri. Akabofya tena.

"Hili bovu," alisema. "Ngoma wameweka, matoazi wameyafunika blanketi."

Mkamwana akavaa hedifoni, akabofya. Akabofya mara ya pili, taratibu. Akamtazama mkwewe, kisha akatazama kioo.

"Ni ya bure, baba," akasema. "Tutafute nyingine."

Ya pili haikuwa na picha ya dramu kabisa. Ilikuwa na viboksi kumi na sita kwa mstari, kila mstari chombo chake. Ukijaza kiboksi, chombo kinalia hapo, na mshale unapita juu ya viboksi ukirudi mwanzo na kuanza tena. Hii Randa aliielewa haraka kuliko mkamwana alivyotarajia. Maisha yake yote alikuwa amegawa mbao kwa vipimo; mdundo uliogawanywa kwa vipimo ulikuwa lugha yake. Ndani ya saa moja alikuwa ameshapanga mwendo wa ule wimbo wa lori. Akasikiliza. Uso ukamshuka.

"Na hii pia. Nimejaza mstari mzima wa matoazi. Yako wapi?"

"Labda sauti yake iko chini," mkamwana alisema, akaipandisha. "Sasa?"

"Kidogo. Kama mtu asiye na meno anayejaribu kusema 's'."

Mkewe, aliyekuwa ameketi nyuma ya cherehani, aliinamisha kichwa na kuanza kutafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Ya tatu ilikuwa ya kulipia, na walipewa siku kumi za kuijaribu. Sauti zake zilirekodiwa kwenye dramu za kweli, chumba cha kweli, na watu wa kweli, ndivyo ilivyojinadi. Ilikuwa kubwa mno hivi kwamba kompyuta ilianza kuhema kama mzee anayepanda ngazi, na mkamwana akalazimika kuweka sehemu tu ya sauti zake. Ngoma zilikuwa tamu. Randa alifumba macho na kwa nusu dakika alikuwa amerudi bandani. Kisha akafumbua.

"Hata hawa wenye pesa," alisema kwa huzuni. "Hata hawa wamedanganya kwenye matoazi."

Ya nne ilikuwa ya mvivu, kama alivyoiita. Unachagua mwendo, unapiga gitaa, nayo inakufuata. Aliipenda tabia yake ya utii, lakini aliikataa siku hiyohiyo, kwa sababu ileile. Kila mara mkamwana alisema, "Sawa baba, tutatafuta nyingine," na kila mara alilisema kwa sauti ndogo zaidi, huku macho yake yakimkwepa. Randa aliona hilo. Alidhani anamchosha. Binti wa watu ana kazi na mtoto, naye anamkalisha kila Jumamosi akitafuta matoazi.

Basi akaamua kutomsumbua tena, aende kwa mjuzi mwenyewe.

Mtaa wa pili, nyuma ya duka la fotokopi, palikuwa na chumba cha kurekodia muziki. Kuta zake zilibandikwa sponji za magodoro, na mwenyewe, mtu wa makamo mwenye kitambi na kofia isiyovuliwa, aliitwa Prodyuza na kila mtu pamoja na mama yake. Alimkaribisha Randa kwa heshima, akamvutia kiti.

"Mzee wangu, kwa anayeanza programu zote zinafaa," alisema. "Cha maana ni usiogope. Wewe umetumia ipi?"

Randa akamweleza zote nne, na ubovu wa kila moja. Prodyuza alisikiliza huku akikunja uso. Mbili kati ya hizo alizitumia mwenyewe kila siku. Akafungua moja kwenye spika zake kubwa, akapiga toazi. "Hili je?"

"Hilo hilo. Limefunikwa."

Akafungua nyingine. "Na hili?"

"Naona unabofya."

Prodyuza akazima spika. Akainuka, akaenda pembeni ambako palikuwa na dramu ya kweli iliyofunikwa shuka. Akaondoa shuka. Akachukua kijiti chembamba, akakileta pamoja na toazi dogo kwenye nguzo yake, akaliweka umbali wa mkono mmoja tu kutoka uso wa Randa, akaligusa ukingoni kwa ncha ya kijiti.

Randa aliliona likitetemeka. Ukingo wake ulikuwa umegeuka ukungu wa shaba. Alisikia mgongano mdogo, kama kucha juu ya kikombe cha bati, kisha hakusikia kitu, na toazi likaendelea kutetemeka. Alinyoosha kidole akaligusa. Mlio ulikuwa humo: ulimwingia kwenye kidole, ukapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, ukafia hapo.

"Bado linalia?" aliuliza.

"Lilikuwa linalia mpaka ulipolishika," alisema Prodyuza. Akavua kofia, akaikalia bila kujua. "Mzee, usinichukie. Tatizo si programu."

Hakutaka malipo yoyote. Alimsindikiza mpaka barabarani, akamwambia kuna mpimaji wa masikio kwenye hospitali kubwa, mama mmoja mzuri. Randa alimshukuru, akatembea kurudi nyumbani akitazama midomo ya watu waliopishana naye. Aligundua kwamba kila mtu aliyemwelewa siku hiyo, alimwelewa kwa macho.

Alipoingia, mkewe na mkamwana walikuwa mezani, wakichambua vifungo vya mashati. Mjukuu alikuwa amelala kwenye kochi. Randa hakukaa.

"Mlijua," alisema.

Mkewe akaweka chini kifungo alichokuwa amekishika. Hakuuliza anasema kuhusu nini.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujastaafu," alisema mkewe. "Birika likipiga filimbi jikoni unakaa tu. Mtoto akilia chumbani unaniuliza nimeinukia nini. Nilipoanza kukugeukia kila ninaposema, hukushangaa. Ulidhani nakupenda zaidi."

"Nilidhani hivyo, ndiyo."

"Na hilo nalo lilikuwepo."

Randa akamgeukia mkamwana, ambaye alikuwa ameinamia vifungo, machozi yakimdondokea bila sauti, au kwa sauti ambayo yeye hakuipata.

"Na wewe, mwanangu. Ukanipitisha programu nne."

"Ningeanzaje, baba?" alisema, akainua uso ili amwone midomo. "Mimi ni mke wa mwanao. Ningekaa mbele yako niseme masikio yako ndiyo mabovu? Kila moja nilijiambia, labda hii ataisikia. Nilikuwa natutafutia sisi wote wawili, wewe na mimi, njia ya kutoka."

Hakuwa na hasira naye. Alitamani awe nayo. Hasira ingekuwa na kazi ya kufanya. Alikwenda chumbani akakaa kitandani na viatu vyake, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliruhusu, na siku hiyo hakulisemea.

Hospitalini walimwingiza kwenye kibanda kidogo chenye dirisha la kioo, wakamvisha hedifoni na kumpa kitufe. Akisikia mlio, abonyeze. Mpimaji alikuwa mama mwenye miwani, ameketi nje ya kioo na mtambo wake. Milio minene Randa aliipata yote. Kisha ikaanza kukonda, na baadaye kimya kikajaa. Akaona kwamba kila mama yule alipotoa mlio, kiwiko chake kilisogea kidogo. Akaanza kubonyeza kwa kukifuata kiwiko hicho. Alibonyeza mara sita hivyo, mpaka mpimaji akageuza kiti na kumpa mgongo. Baada ya hapo hakubonyeza tena.

Mpimaji alimwonyesha matokeo kwenye karatasi: mstari uliokwenda sawia kama sakafu, halafu ukaporomoka ghafla.

"Vinyweleo vya ndani ya sikio vimekufa, mzee. Kelele ya miaka mingi. Vikifa havioti tena."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Randa.

Alitegemea mpimaji atacheka. Wagonjwa wengine pengine walikuwa wameshamwambia methali hiyo, maana aliendelea kuandika tu. Alimweleza habari za vifaa vya kuvaa nyuma ya sikio. Vitamsaidia kuzungumza na wajukuu, vitampunguzia kuuliza maneno mara mbili.

"Na muziki?"

"Vinakuza kile kilichobaki. Ambacho hakipo haviwezi kukileta. Siwezi kukuahidi muziki."

Alivichukua vifaa. Siku ya kwanza alisikia mkasi wa mkewe ukikata kitambaa, sauti kali, ya bati, isiyokuwa ya mkasi. Alivumilia. Matoazi kwenye kompyuta nayo yalirudi kwa namna hiyohiyo: si mnong'ono wa Kishindo, bali mtu anayekwangua sufuria. Alivivua akitaka kusikia muziki, na alipovivua hakusikia.

Lakini hakukata tamaa papo hapo. Mtu aliyeranda miaka thelathini na mmoja hajui kuacha ubao katikati ya mashine. Alirudi kwenye ile programu ya pili, ya viboksi, akaichagua kuwa ndiyo yake, na sababu yake hakumwambia mtu: kwenye viboksi toazi unaliona. Hata kama sikio limefunga, jicho linajua lipo, hapa, na hapa, na hapa, halafu pengo dogo alilokuwa akiliacha Kishindo kabla ya kiitikio. Alikumbuka mkono wa marehemu ulivyokuwa ukipanda na kushuka, akajaza viboksi kwa kuufuata mkono huo kichwani. Ilimchukua wiki tano. Mkamwana akija Jumamosi anamwelekeza pa kubofya na kunyamaza. Mkewe alizima cherehani kila aliporekodi gitaa, akikaa na mikono mapajani kama mtu aliye kwenye foleni.

Wimbo wa lori ulikamilika. Randa alimwita Nanga, na Jumapili baada ya chakula cha mchana wote wakaketi sebuleni: mkewe, mkamwana, mjukuu mwenye miaka minne, na Nanga aliyejaza kochi zima peke yake. Mkamwana akaunganisha kompyuta kwenye spika ya redio.

Randa hakuusikiliza wimbo. Aliwatazama wao.

Ngoma ya mguu ilipoingia, Nanga alianza kutingisha goti. Gitaa likaingia. Kisha yakaingia matoazi, ambayo Randa alikuwa ameyapandisha kidogokidogo wiki hadi wiki, mpaka alipoona yamefika mahali ambapo hata yeye angeweza kuyahisi. Goti la Nanga likasimama. Mkewe akashika ukingo wa kiti. Mkamwana akatabasamu, tabasamu la mtu anayepigwa sindano. Na mtoto, ambaye hakuwa na sababu ya kumstahi mtu yeyote, akaziba masikio kwa mikono yote miwili na kuficha uso kwenye sketi ya mama yake. Wimbo ulikuwa wa dakika nne. Hakuna aliyeinuka kuuzima.

"Umekaa vizuri sana," alisema Nanga ulipokwisha. "Marehemu angefurahi."

"Matoazi," alisema Randa.

"Yako juu kidogo. Kidogo tu."

"Nitayashusha mimi, baba," mkamwana akadakia. "Hilo ni jambo la dakika moja. Wimbo ni mzuri."

Na kweli aliyashusha. Akaupiga tena wimbo, na safari hii mtoto hakuziba masikio, na nyuso za wakubwa zilikuwa zimetulia. Kwa Randa lilikuwa banda lenye watu watatu. Kishindo alikuwa ameinuka na kwenda zake, na wengine walikuwa wakiendelea kana kwamba hawajaona kiti chake kitupu.

Hilo angeweza kulizoea. Wengine wangemsikilizia, naye angepanga viboksi kwa macho. Watu wameshaishi kwa mambo magumu zaidi. Ila wakati chai inaletwa, Nanga alilivuta gitaa lililoegemezwa ukutani na kulipakata, huku akisimulia habari za mguu wake unaovimba. Akawa anasimulia, na vidole vyake vikienda kwenye vishikio vya nyuzi, uzi wa kwanza, uzi wa pili, akivikaza na kuvilegeza taratibu, bila kuvitazama, kama unavyomtoa rafiki uzi kwenye bega la shati bila kukatiza maneno. Alipomaliza akalirudisha ukutani.

Randa alisubiri mpaka mkewe akaenda jikoni.

"Lilikuwa limeachia?"

"Lipi?"

"Gitaa, Nanga," alisema Randa.

Nanga akaweka kikombe chini. "Nyuzi mbili za mwanzo," alisema. "Zilikuwa zimepanda. Si sana. Mtu asiyejua hawezi kujua."

"Kwenye wimbo je?"

"Na kwenye wimbo."

Randa akalichukua gitaa, akazipiga zile nyuzi mbili kama Nanga alivyoziweka. Masikioni mwake zilikuwa za uongo. Alizikaza siku zote mpaka pale zilipompendeza, na pale palipompendeza palikuwa pabaya. Huyu alikuwa mtu ambaye angejua kisu cha mashine kimekwisha makali kwa kukisikia kikikonda, akiwa ameipa mgongo. Alilaza gitaa mapajani, uso juu, na kuweka kiganja chake juu ya nyuzi zote ili zisilie.

"Kuna vidude vya kwenye simu vinavyopima nyuzi," alisema Nanga. "Unatazama taa. Ya kijani, umefika."

"Najua."

"Basi."

"Basi," alisema Randa. "Kunywa chai, itapoa."

Nanga aliondoka jioni. Ngazi zilimsumbua, na Randa alimshikilia mkono ghorofa zote tatu, wakipumzika kila penye pembe. Hawakuzungumzia muziki. Walizungumzia msimamizi wao wa zamani, aliyekwisha hama mji, na kama alikuwa bado anahesabu misumari huko alikokwenda.

Mwanawe wa malori aliporudi, aliuhamishia wimbo kwenye simu yake na kusema ataupiga njiani. Labda aliupiga. Randa hakumuuliza, kwa sababu mtoto yule alirithi uso wa mama yake, na uso ule haukujua kuficha.

Mkamwana aliendelea kuja kila Jumamosi. Aliwasha kompyuta, akafungua ukurasa mpya wa viboksi vitupu, akageuza kioo kumwelekea. Majuma matatu alifanya hivyo, na majuma matatu Randa alisema mkono unamuuma. Jumamosi ya nne alikuwa amekaa mezani, akimsaidia mkewe kuchambua vifungo vyeupe na vya rangi ya maziwa, kazi ya macho, ambayo alikuwa ameanza kuifanya vizuri.

"Tuanze wa pili, baba?" mkamwana aliuliza. "Ule wa kabati. Mama anasema ulikuwa mzuri kuliko zote."

Mkewe hakuinua uso kutoka kwenye vifungo.

"Anakumbuka vibaya," alisema Randa. "Ule haukuwa na lolote."

Akamwomba airudishe kompyuta chuoni, huenda kuna mwanafunzi wa kuifaidi. Mkamwana akasema haina haraka. Randa akasema tena, kwa upole, irudishwe. Basi mkamwana akaizima, akazungusha waya wake vizuri, akaitia kwenye mfuko wake, na kabla ya kutoka akaja mbele yake kabisa, ili amwone, akamuaga.